Ng'ombe Namukamua Mimi, Mutamba Anapewa Jirani

Mpendwa Mama Adelaïde wa radio,

Naomba musaada mbele Jumapili ifike, maana nimedanganya bwana yangu miezi mbili na sasa uongo yangu inataka kutoa ng'ombe kwenye kiraro, zizi yetu. Mimi niko mama wa watoto tatu kwenye milima ya Masisi, mbele ya vita tulikuwa na ng'ombe kumi na moja, tukakimbilia Mweso, tukakaa kule miaka mbili kwa nyumba ya watu, na tuliporudi tulikuta majani tu, kwa hiyo bwana yangu Bayingana akauza shamba ya viazi ya baba yake akanunua ng'ombe mumoja, Bihogo, na huyo Bihogo njo anasomesha mutoto wetu mukubwa, jina yake Alliance, njo anatulisha, kila asubui motard, mutu wa pikipiki, anapeleka bidon yetu ya maziwa Kashebere kwa watu wa kutengeneza fromage, ile jibini. Mwezi wa tatu Bihogo akazaa mutamba, mutoto jike. Mama, tulilia kwa furaha, tukasema sasa tutakuwa na ng'ombe mbili.

Kisha mvua ikanyesha, Bayingana akateleza kwenye daraja ya miti, mukono wa kuume ukavunjika. Sasa kwetu mwanamuke hakamue. Anaosha vyombo, anapiga siagi, anauza, lakini kukamua ni kazi ya wanaume, mama mukwe wangu Mukasine anasema mwanamuke akikamua ng'ombe anakauka na bwana anachekwa. Asubui ya kwanza niliita jirani yetu Jado, ule murefu anayeinama hata kwenye mulango wa kanisa. Alikuja, Bihogo akamupiga teke moja, Jado akaangukia kwenye matope, akasema hapa harudi tena. Nikabaki na ng'ombe analia, kiwele imejaa, ningefanya nini? Nilikamua. Nilijifunza kule Mweso kwa mbuzi za mama aliyetupokea. Nilipoingia na maziwa, Bayingana akauliza, «Jado amekamua?» nikajibu, «Ndiyo, amekamua.» Njo ilianzia pale.

Tangu siku ile nakamua kila asubui, nyuma tu ya ukuta wa chumba chetu, namuimbia Bihogo polepole, anatulia, anatoa maziwa kuliko zamani. Bayingana kila anapokunywa anasifu mikono ya Jado. Mwezi huu alijitesa na mukono mumoja akachonga kiti kipya cha kukamulia, kifupi, kizuri, akanipa akasema peleka kwenye kiraro, nikakiweka kando bila kukikalia, niliona ni cha Jado. Na Jado akishukuriwa njiani anacheka tu, anasema si kitu, ni ujirani!

Sasa juzi Bayingana ametangaza kwamba Jumapili kisha misa ataita majirani, na ule mutoto jike wa Bihogo ataenda kwa mutu aliyetukamulia wakati wa taabu. Jado ameshanunua kamba, nimeiona kwa macho yangu. Nikisema ukweli, bwana yangu atachekwa mulima muzima. Nikinyamaza, mutamba anaenda, na kwetu ng'ombe aliyetolewa mbele ya watu harudishwe tena. Leo asubui nilisahau hata kuimba, Bihogo akageuka akaniangalia. Nisaidie, Mama.

Niko Murekatete. Majina yote nimegeuza, maana Bayingana anasikiliza radio kutwa nzima.

*

Murekatete mutoto yangu,

Hee! Umegeuza majina ya watu wote na ule mukono uliovunjika na ile teke ya ng'ombe umeviacha palepale. Bwana yako akisikia barua hii hatauliza ni ya nani. Kwa hiyo jibu hii nimemukabizi motard wa bidon aliyeniletea barua yako, ikufikie Ijumaa, na kwa radio nitaisoma Jumatatu. Uko na siku mbili za kusema kwa kinywa chako mwenyewe.

Pole sana, tena nakupongeza. Ungeacha kiwele ile ijae mpaka iugue, leo haungekuwa na maziwa wala mutamba wa kulilia. Na Bihogo hakukauka. Mama mukwe wako namuheshimu, lakini maziwa ya hiyo miezi mbili yeye hakukunywa? Muulize kwa adabu, wakati unamujazia kikombe.

Lakini kwa uongo sikuachilie. Uongo wa asubui moja, kwa woga, naielewa. Asubui makumi sita? Ulimuacha bwana yako ashukuru mutu bure, ukamuvalisha Jado heshima mpaka ikamutosha. Kama angekuwa ni yeye amekudanganya hivyo, ungeshaniandikia kurasa kumi.

Fanya hivi. Jumamosi asubui, mbele motard afike, mwambie Bayingana akusindikize kwenye kiraro. Usianze na maelezo mengi. Osha mikono, kamua mbele yake, imba vile unaimbaka. Kisha mwambie: ni mimi tangu siku ya kwanza, niliogopa utachekwa, nisamehe. Kisha muache aseme. Akikasirika, akasirike siku hiyo, ana haki. Halafu muende wote wawili kwa Jado, na maziwa chupa moja, mumwambie Jumapili aje kunywa kama wengine. Teke ile aliipata kweli, masikini, lakini teke moja haitoshe kulipwa ng'ombe. Mukono wa bwana yako ukipona, mukamue kwa zamu. Ng'ombe wakiwa wawili, mikono miwili haitatosha, na wanaotaka kucheka wacheke wakiwa wanakunywa chai yao bila maziwa.

Sasa kuna kitu uliandika haraka ukapita. Jado iko murefu, anainama kwenye mulango wa kanisa. Akikaa kwenye kiti kifupi, magoti yake yatafika kwenye masikio. Bayingana amekulia kati ya ng'ombe, anajua vizuri kiti gani inafaa mutu gani. Wewe unaimba nyuma ya ukuta wake kila asubui na unafikiri amelala? Na alipotangaza mambo ya Jumapili, soma tena barua yako, hakutaja jina ya Jado. Sijamuona bwana yako, siwezi kuapa kwamba anajua. Lakini mutu mwenye mukono mumoja hajitese kuchonga kiti mbele ya kujua nani atakikalia. Jumamosi kaa juu yake, Bayingana akiwa anakuangalia, na miguu yako itakuambia kilipimwa kwa nani.