Jina Kwenye Sweta la Chiriku

Nyumba ya Kona,
Ghorofa ya Kwanza, Chumba cha Cherehani.

Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi zikufikie huko kambini, wewe na wenzako wote mnaojenga hilo daraja lisilokwisha. Hujambo? Mgongo unaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia unalala ubavu mmoja kama samaki aliyesahauliwa kwenye kikaango, nikacheka, kisha nikasikitika. Kama dawa ya kuchua imekwisha, niambie nikutumie nyingine. Sisi huku hatujambo. Mama sasa anatembea bila mkongojo, ila bado anaushika mkononi kwa ajili ya kuwatishia wapangaji. Mimi kinachonisumbua ni macho tu. Uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi siuoni tena, kwa hiyo nimesalimu amri, nimevaa miwani.

Binti yako ni mzima. Nalitanguliza hilo kwa sababu nina habari ya kukupa, nami nataka uisome umekaa na roho imetulia. Chiriku ni mzima, anakula vizuri, anaongea tangu anapofumbua macho mpaka anapoyafumba, na sasa hivi yuko hapa mezani ananisumbua na mkasi wangu.

Nakuandikia kwa sababu simu mnapewa mwisho wa mwezi, na jambo hili siwezi kukaa nalo hadi mwisho wa mwezi. Dereva wa kampuni yenu amekubali kuibeba barua. Halafu, niseme ukweli, kwenye simu ungenipandishia sauti kabla sijafika katikati. Barua huwezi kuikatiza.

Unaijua kazi yangu. Tangu Januari nimeshona masweta ya shule nzima anayosoma Chiriku, na fahari yangu ilikuwa majina. Kila mtoto nilimtarizia jina lake lote kifuani, chini ya nembo ya shule, kwa uzi wa njano. Wazazi walipenda kwa sababu masweta hayapotei. Na mimi, ili watu waione kazi, nikamsimamisha Chiriku mlangoni na sweta lake, nikampiga picha, nikaiweka kwenye ukurasa wa duka mtandaoni. Nikaweka na za watoto wengine. Chiriku alipendeza kweli. Alicheka mpaka lile pengo lake likaonekana.

Watu wakamiminika, na unanijua mimi, mteja akiuliza simwachi bila jibu. Mmoja akaandika, binti mzuri huyo, yuko darasa la ngapi? Nikajibu, darasa la nne. Baada ya siku mbili akaandika, baba yake lazima anajivunia. Nikajibu, baba yake yuko mbali anajenga daraja, mimi shangazi yake ndiye ninayemlea. Tena akauliza, shule wanatoka saa ngapi, nataka nimlete wangu apimwe sweta. Saa tisa na nusu, nikamwambia, karibu sana. Mdogo wangu, mtu huyo simjui sura wala jina, na nilimpa kila kitu kwa mkono wangu mwenyewe, na vikatuni vya tabasamu juu yake.

Jumanne, saa tisa na nusu, mwanamume aliyevaa shati lililopigwa pasi vizuri alimwita Chiriku kwa jina lake lote nje ya geti la shule. Akamwambia baba yake ameanguka darajani, yuko hospitali, anamwita, na shangazi ameshatangulia. Gari lile pale. Hebu fikiria mtoto wa miaka kumi anaambiwa baba yake ameumia.

Unaikumbuka siku uliyoondoka? Ulimkalisha Chiriku juu ya begi lako ukamwambia, mtu yeyote akisema nimemtuma, muulize baba anaogopa nini. Asiyejua sikumtuma mimi, hata kama amevaa viatu vyangu. Mimi nilikuwa napambana na zipu ya begi, nikakucheka, nikasema huyu sasa anamfundisha mtoto ujasusi. Kicheko kile nakirudisha leo, tena kwa heshima.

Kwa sababu Chiriku alimuuliza. Yule mtu akatabasamu, akamwambia, "Baba yako haogopi kitu. Ni mwanamume shujaa."

Binti yako anasema hapo hapo akajua ni mwongo, maana yeye alikushuhudia kwa macho yake ukipanda juu ya meza kwa sababu ya kuku. Hakubishana naye. Aligeuka akakimbilia ndani huku akipiga ile sauti yake tunayoilalamikia kila siku, na mzee wa getini, yule ambaye watoto wanamwita Komeo, akatoka na rungu. Gari likaondoka hata mlango haujafungwa. Komeo akaandika namba zake kwenye kiganja, na saa hiyo hiyo mimi na mwalimu mkuu tukaenda naye polisi, kiganja kimenyooshwa mbele kama tiketi. Jana wametuita. Wamempata, yuko ndani. Kwenye simu yake walikuta picha za watoto wengine watatu, wote na masweta yangu.

Nililia, sikufichi. Nililia mpaka Mama akaniambia inatosha, maji yote hayo ningefulia mapazia. Kisha nikanawa uso nikaanza kazi.

Picha za watoto nimezitoa zote. Fundi simu wa hapo chini alikaa nami asubuhi nzima, akanitafutia hata zile ambazo sikujua kama bado zipo. Ukurasa wangu sasa una masweta yaliyotundikwa kwenye henga tu. Yanachosha kuyatazama, na yatabaki hivyo hivyo.

Alhamisi nilisimama mbele ya wazazi shuleni, nikaeleza nilichofanya bila kupunguza neno. Kuna mama mmoja, mwanawe ni mmoja wa wale watatu, alinitazama kwa jicho ambalo sitalisahau, na ana haki. Nikawaambia walete masweta yote. Ni mia mbili na kumi na manne. Nafumua jina moja moja kwa wembe, nalishona upya ndani, nyuma ya shingo, mahali ambapo mwenye sweta na mama yake tu ndio wataliona. Yule mama alikuja jana na wembe wake. Haongei sana na mimi, lakini alikaa mpaka jioni, na alisema Jumatatu atarudi.

Na shule imeamka. Getini kuna daftari la nani anaruhusiwa kumchukua nani, na Komeo analishika kana kwamba amelitunga yeye. Kila nyumba imeambiwa iwe na swali lake. Mwanao ndiye aliyepewa kazi ya kuwaeleza wenzake asubuhi mstarini: usimjibu, usibishane, kimbia, piga kelele. Mwalimu mkuu anasema alipofika kwenye kelele alitoa mfano, na darasa la kwanza wakalia.

Simu anaitumia hapa mezani pangu pa kukatia vitambaa, nikimwona. Akiandikiwa na mtu asiyemjua ananionyesha, nami nimemwapia kwamba sitamgombeza kwa kunionyesha, hata kama kosa ni lake. Langu lilikuwa kubwa kuliko lake na hakuna aliyenichapa. Aliniomba habari hii tusikuambie, usije ukakosa usingizi. Nikamwambia siri ya kumficha baba hatuna tena nyumba hii.

Naomba unisamehe. Uliniachia mtoto, mimi nikamtangaza kama kitambaa kipya. Nalijua kosa langu toka mwanzo hadi mwisho na sitafuti pa kulitupia.

Sasa najua unachowaza. Shule ya bweni. Ulishaitaja mwaka jana, na baada ya barua hii utaitaja kwa nguvu. Wewe ndiye baba, neno la mwisho ni lako. Lakini mimi naomba uniachie Chiriku, na siombi kwa sauti ya chini. Huko bwenini watamhesabu asubuhi na jioni. Hapa yupo mtu aliyekaribia kumpoteza kwa ulimi wake mwenyewe, na mtu huyo sasa anaona mbali, tena na miwani juu. Anampenda mno mtoto huyu. Akiondoka, nyumba hii itakuwa kimya mpaka itutie wazimu.

Mama anakusalimu sana, anasema ufunge mgongo kitambaa cha joto na uache ubishi. Fundi simu wa chini anakusalimu. Komeo naye anakusalimu, lakini ameniagiza nikuambie kwamba siku ukija kumchukua mwanao uje na kitambulisho, maana yeye habari za "mimi ndiye baba" hataki kuzisikia.

Mungu akulinde juu ya hayo mavyuma, akurudishe chini mzima, na akupe subira ya kuisoma barua hii mara ya pili kabla hujanijibu.

Kitu kimoja bado. Lile swali la kuku limekwisha kazi, shule nzima sasa inajua unachoogopa. Chiriku ametunga jingine. Ukipiga simu mwisho wa mwezi atakuuliza kabla hata ya salamu, na ukikosea atakata, ndivyo alivyoapa. Swali lenyewe amenisomea mimi, sitaliandika hapa. Nimemwambia ni gumu, miaka miwili baba yako hajakuona, hawezi kulijua. Hakuinua hata kichwa. Aliendelea kukata karatasi na mkasi wangu wa vitambaa, akasema, "Atajua, shangazi. Si ndiye baba?"

Ni mimi dada yako, nikupendaye zaidi ya urefu wa utepe wangu wa kupimia,

Fundi wa masweta.