Kupumzika Kabisa

Jumapili

Natangaza rasmi: maji yamerudi, na kundi la WhatsApp la wapangaji wa ploti yetu limekosa kazi.

Ndipo jirani yangu Oti akaandika humo, "Nimechoka. Nataka kupumzika kabisa."

Mama Shiru akamjibu, "Pumzika baba, Jumapili ni ya hiyo kazi." Wengine wakatuma mikono ya maombi. Admini akakumbusha kwamba kundi ni la maji tu.

Nami nilishaandaa mzaha. Mzuri, kusema kweli. Lakini lile "kabisa" likanikwama, nikaenda kubisha hodi.

"Oti, unataka kujiua?"

Akanifungulia mlango wote, akasema, "Eeh. Nilidhani hakuna mtu atauliza, buda."

Tumeongea kwangu mpaka chai ikaisha. Kesho nitamsindikiza kwa daktari. Naogopa, sijui nitamwambia nini njiani.

Sasa amelala kwenye kochi langu. Anakoroma.