Bibi Harusi Mwenye Nywele Nyeupe

Malindi, Jumatano, 8 Mei 1985

Mvua tangu alfajiri. Si mvua ya kishindo, ni hii ya masika inayokaa kama mgeni asiyejua kuaga. Kuta za chumba changu zinatoka jasho, na mimi pia.

Mashine mpya iko mbele yangu, juu ya meza ya marehemu baba. Naiita mpya, lakini huenda ina umri kunishinda. Tangu asubuhi nimeifuta vumbi mara tatu, na vumbi lenyewe halipo. Kuiwasha sijathubutu.

Kwa nini sijathubutu, nitakuambia wewe shajara, maana wewe huendi kwa watu.

Nianze na ile iliyokufa. Mashine ya baba ya kukuzia picha ilikuwa na kutu tangu nikiwa msichana, na kila mwaka nikiipaka mafuta na kuibembeleza. Wiki iliyopita niliinua kichwa chake, skurubu ikakatika, na kichwa kizima kikashuka juu ya ubao. Lenzi ikapasuka vipande viwili. Hata hivyo ilikuwa imeshaingia ukungu, kwa hewa hii ya bahari isiyosaza kitu. Nilikaa sakafuni nikalia. Mama alidhani nimekatwa na kioo.

Silii chuma. Nalilia kazi, kwa sababu kazi yangu haina mtu mwingine wa kuifanya hapa mtaani Shela. Studio za mjini ni za wanaume. Mama wa bibi harusi atapelekaje huko filamu ya siku ya kupamba, mwanawe yu kichwa wazi, nywele zimemwagika mabegani na vikuba vya maua ya asumini? Kwa hiyo wananiita mimi. Nawapiga mwenyewe, nasafisha mwenyewe, humu humu nyumbani, na jicho la mwanamume haliingii. Juu ya bahasha siandiki hata majina. Nafunga uzi tu, kila nyumba na rangi yake, na rangi hizo nazijua peke yangu.

Miaka tisa sijakosea.

Bahasha ya uzi mwekundu ni ya Mwanaidi, binti wa Bi Saada, jirani yetu wa nyumba ya tatu. Ameolewa majuzi, na Jumapili anaondoka na mumewe kwenda Maskati. Bi Saada hana mtoto mwingine. Siku ya kupamba alinishika mkono akaniambia, "Zuena, mwanangu anakwenda, mimi nitabaki na karatasi zako." Ndiyo sababu mashine ilipovunjika nilianza kutafuta nyingine kama mtu anayetafuta daktari.

Nilizipata tatu, na kila moja ikaninyima usingizi kwa namna yake.

Ya kwanza ilikuwa dukani Mombasa, mpya kabisa, imo kwenye kasha. Nyepesi mno. Nilipougusa mguu wake ulitikisika, na picha haitaki mguu unaotikisika. Nikamwomba mwenye duka niijaribu, akasema ukifungua kasha umenunua. Ya pili ilikuwa ya bibi mmoja wa Kiitaliano anayehama, yenye vichujio vya kusafishia picha za rangi. Nzuri hiyo, sisemi uongo, nimeiota. Lakini dawa za rangi zinataka joto lile lile kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mimi chumba changu ni tanuri saa sita na saa kumi na mbili kinapoa, na umeme wetu unazimika bila kubisha hodi. Ningeinunua ningekuwa nimenunua fahari.

Ya tatu ndiyo hii, ya Mzee Katana wa Junju. Alikuwa akipiga picha za shule na za makanisa miaka mingi, sasa macho yamechoka, amerudi kwenye mihogo na minazi yake. Lenzi aliiweka ndani ya mkebe wa mchele mkavu ili isipate unyevu. Niliposikia habari ya mchele moyo wangu ukamwelekea. Mtu anayetunza lenzi hivyo hakuharibu na mengine.

Jumatatu nikaenda, mimi na Mama, maana sitakwenda nyumba ya mwanamume nisiyemjua peke yangu.

Baba alinifundisha kwamba mashine haijaribiwi ila kwa negativu unayoijua. Yangu ya kujaribia ni moja siku zote: mlango wa nyumba ya babu, aliupiga baba mwenyewe, na kila ua la nakshi zake nalijua lilipo. Bahasha yake ina uzi mweupe. Asubuhi ile niliingia chumba cha giza kuichukua. Globu ya kawaida imeungua tangu mwezi jana na nimekuwa mvivu wa kununua nyingine, kwa hiyo nikawasha taa nyekundu, nikaona uzi mweupe, nikatia bahasha mkobani, nikatoka mbio kwa sababu basi halingoji mtu.

Shajara, chini ya taa nyekundu, uzi mwekundu huonekana mweupe.

Jambo hili nalijua. Kila anayesafisha picha analijua.

Mzee Katana alitupokea vizuri. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba, akatuletea madafu. Chumba chake alikuwa amekwisha kukiziba madirisha kwa mablanketi, na humo nako kulikuwa na taa nyekundu. Nilimpa bahasha huku nikiitazama mashine, namna shingo yake inavyopanda na kushuka bila kulia. Akatia negativu, akabonyeza swichi.

Pale ubaoni sikuona mlango. Niliona mwanamke, uso mweusi, meno meusi, na nywele nyeupe zimemwagika hadi mabegani, na asumini nyeusi ndani yake. Kwenye negativu kila kitu huja kinyume, lakini mimi nasoma negativu kama wengine wanavyosoma barua. Alikuwa Mwanaidi, kichwa wazi, anacheka, mkubwa kama sinia, mbele ya mwanamume.

Nilitupa viganja vyangu juu ya ubao kumfunika. Na yeye akaja juu ya viganja vyangu. Mwanga unatoka juu, mjinga mimi, kiganja kitafunika nini? Nywele zikanipanda kwenye vidole, na jicho moja likakaa juu ya pete yangu.

Mzee Katana alizima. Alitoa kile kipande kwa kupapasa, akakirudisha ndani ya bahasha, akanipa, kisha akaniambia polepole kwa Kiswahili chake cha bara ya huku kwetu, "Mama, mimi ninapolenga naangalia chembe za filamu, siangalii mtu. Chembe ni kali. Lenzi ni nzima." Akatoka kwanza yeye ili mimi na Mama tubaki tujikusanye.

Mama akaninong'oneza, "Twaa mashine twende."

Nikalipa, nikaitwaa. Tuliikongoa vipande, tukaifunga kwa leso, na ndani ya basi mwanamke mmoja akauliza kama ni cherehani. Mama akasema ndiyo, cherehani. Akaulizwa ya mkono au ya miguu, akasema ya mkono. Nilitazama nje njia nzima.

Tangu siku hiyo Mama ana wimbo mmoja. "Mungu amekusitiri, nawe jisitiri. Yule mzee hamjui Mwanaidi, hajui ni mwana wa nani, atakufa na chembe zake. Ukenda kumwambia Saada utamtia kidonda ambapo hapana hata mchubuko." Na Mama si mjinga. Kusitiri ni jambo kubwa kwetu. Anayefichua aibu ya mtu ambayo Mungu ameifunika, huyo naye ana hesabu yake.

Lakini ninamsitiri nani hapa? Mwanaidi hakufanya aibu yoyote. Alicheka tu, siku yake, mbele ya wanawake wenziwe. Nikinyamaza, ninayejifunika ni mimi.

Na liko jingine, linaniuma zaidi, sijamwambia hata Mama. Sijui kama niliichagua mashine hii kwa uzuri wake. Labda ni nzuri kweli: nzito, imetulia, lenzi safi kama jicho la mtoto. Au labda niliitwaa kwa kuwa mwenyewe alizima taa, na nilitaka tuondoke tukiwa tumepatana, ili awe na sababu ya kunyamaza. Nimezunguka Mombasa na Malindi nikipima miguu na vichujio, na mwisho nimechagua kwa woga. Hata nikisafisha picha nzuri kwayo, nitajua.

Ningeweza kusema pia kwamba Mzee Katana ni mtu mwema. Ni mwema. Lakini wema wake haukuwa wangu kuutumia. Bi Saada hakumpa yeye amana, alinipa mimi.

Naogopa. Naandika wazi, naogopa. Bi Saada akikasirika, Shela nzima itajua kabla ya magharibi. Wataanza kusema Zuena alimpeleka bibi harusi Junju ndani ya mkoba. Nyuzi zote zile, ya kijani, ya manjano, ya samawati, wenyewe watakuja kuzidai moja moja. Mimi nitabaki na mashine ya chuma na picha ya mlango.

Adhuhuri hii, mvua ikiwa imepungua kidogo, mlango umegongwa. Ni Bi Saada mwenyewe, amejifunika leso juu ya buibui, na sahani ya mkate wa sinia mkononi, ungali na moto. Hakutaka kuingia, viatu vina tope. Amesimama kizingitini akasema, "Nimesikia mashine imepatikana. Ahsante, mwanangu. Na nimemwambia wifi yangu, harusi ya binti yake akuite wewe. Nimemwambia, kwa Zuena hata ukuta hauoni."

Nilipokea sahani kwa mikono miwili. Midomo ilifunguka. Nikamwambia mvua itarudi, afanye haraka.

Mama, ndani, alikuwa akinisikiliza. Alipoona nimerudi na mkate akasema alhamdulillahi, akakata kipande. Mimi sikuweza kula. Nimekaa hapa na sahani, nimeuhamisha mkate kwenye sahani yetu, nimeiosha ya kwake na kuikausha. Ni ya maua ya buluu, imepata ufa ukingoni. Nadhani ni katika zile alizoolewa nazo.

Bahasha iko hapa kando yake. Nimeutazama ule uzi kwa mwanga wa dirishani. Ni mwekundu, hauna shaka hata kidogo.

Leo sitaiwasha mashine. Karatasi ya kwanza sitaiweka chini ya lenzi ile mpaka Bi Saada ajue ilipopitia picha ya mwanawe, kisha yeye ndiye atakayesema kama nisafishe au nimrudishie filamu yake. Jumapili si mbali. Akisema nisafishe, nitakesha. Akisema nirudishe, nitarudisha na uzi wake.

Sahani ya jirani hairudi tupu, hivyo ndivyo nilivyolelewa. Nimefungua kabati mara mbili: unga upo, sukari ipo, iliki ipo. Naweza kumtilia chochote.

Lakini asubuhi nitampelekea hili la Junju.