Jina Lisilopigiwa Kelele

Ghorofa ya kwanza,
juu ya kibanda cha fundi viatu.
Alhamisi, tarehe 14.

Mpendwa Kaka,

Hujambo huko uliko? Baridi imepungua, au bado unalala na soksi mbili mbili kama ulivyoniambia kwenye simu? Mgongo unasemaje? Na wifi yangu, presha yake imetulia? Nimezoea kukuandikia kwamba huku sote hatujambo, na kalamu yenyewe ilishaanza kwenda huko, nikaizuia. Mimi mzima. Ni magoti tu yanayoninunia kila nikiitazama ngazi.

Shemeji yako yupo, lakini ni kama hayupo. Anafungua kibanda asubuhi, anakaa, watu wanaleta viatu na wanaondoka navyo vilevile vilivyokuja. Jana mama mmoja alimpa kiatu kilichong'oka kisigino, akakishika tu mikononi mpaka mwenyewe akaona haya akakichukua. Unamjua yule bwana na mdomo wake, jinsi alivyokuwa hawezi kushona soli bila kumtania mwenye mguu. Sasa hata watani wake wakipita wanasalimia kwa mbali.

Kaka, mjukuu wetu ameumia. Usishtuke, yu hai. Gari la soda lilimkanyaga mguu wa kushoto Jumatatu ya wiki iliyopita, mbele ya kibanda cha babu yake. Madaktari wamekata vidole viwili, na mifupa iliyobaki wameiunga kwa vyuma. Wanasema atatembea, ila atachechemea. Nimetaka ulijue hilo kwanza, maana yaliyobaki yanakuhusu wewe.

Hujasahau jinsi alivyozaliwa. Mkwe wangu alikuwa amepoteza wawili kabla yake, na huyu alikuja mwepesi kuliko shati lililolowa. Tukakupigia simu, kwa sababu kwetu mkubwa ndiye anayetoa jina, na mkubwa umebaki wewe. Ukatuambia tumpe lile jina tunalolitaja kwenye sala tu. Ukasema hata kifo kitaona haya kuligusa. Mkwe wangu alilia kwa furaha. Mimi nilinyamaza, kwa sababu tangu nizaliwe sijawahi kusikia mtu mwenye kamasi akiitwa jina lile.

Mtaa nao ulikuwa na yake ya kusema. Mwalimu wa dini alikuja akasema Mola hana wajina, angalau tuweke "mtumishi wa" mbele yake. Mkwe akamkaribisha chai, akamwongezea sukari, na jina akaliacha lilivyo. Muuza mkate humwekea mtoto kipande cha nyongeza ili apate baraka. Mama wa nyumba ya pili alisema jina hilo halibebwi na mtu anayechafua nepi, na mpaka leo humwita "huyo wenu".

Shemeji yako yeye alilipenda jina mpaka likamtia hofu. Akaweka sheria nyumbani. Halitajwi mikono ikiwa na gundi ya viatu. Halichanganywi na karipio. Na halipigiwi kelele barabarani hata siku moja, kama jina la mbuzi aliyepotea. Mkwe naye akaongeza yake, kwamba mtoto asibandikwe jina la utani, asije akalizoea hilo akaliacha lake. Kila sheria peke yake niliiona nzuri. Zilipokutana zote, tukawa na mtoto asiyeweza kuitwa kutoka mbali.

Basi chakula kikiiva nashuka ngazi, namfuata alipo, namgusa bega. Miaka sita, Kaka. Magoti yangu yameishia huko. Akivunja kikombe tunaugeukia ukuta na kuukaripia: "Kuna mtu kavunja kikombe humu ndani!" Naye anakuja kusimama nasi, anautazama ukuta kwa hasira. Tulicheka mpaka machozi.

Siku hiyo gari la soda lilikuwa limeshusha kreti dukani, ng'ambo ya barabara. Mtoto alikuwa amechuchumaa nyuma ya gari akiokota vifuniko vya chupa. Dereva akaanza kurudi nyuma. Shemeji yako aliyaona yote akiwa kwenye kigoda chake, kiatu mkononi, gundi mpaka viwikoni. Mimi nilikuwa uani naanika mashati ya watu, nikamsikia akipiga kelele: "We! Wewe! Toka hapo! We mtoto!" Unaijua sauti yake, ingeamsha soko zima. Watoto wote wa mtaa waligeuka. Wetu hakugeuka, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwita hivyo maishani mwake. Babu yake akainuka akimbie, lakini miguu ile mizee na barabara ile pana, angefika saa ngapi?

Tangu siku hiyo amesema nami neno moja tu: "Sikulitaja." Nikimpa chakula, sikulitaja. Nikimwambia alale, sikulitaja. Nimemwambia ni ajali, nimemwambia ni kudra, nimemwambia hata mimi ningefanya vilevile. Kumbembeleza kwenyewe kumenishinda.

Sasa sikiliza nilichotumwa. Mwanangu ameacha kazi yake ya kupaka rangi magari, anashinda hospitalini, na hamsemeshi baba yake. Anasema jina limemzidi mtoto, liondolewe. Na kwa kuwa kwetu aliyelitoa ndiye anayeweza kuliondoa, amenituma nikuombe uliondoe umpe lolote jepesi, hata la kuku. Usipoliondoa, anasema atamhamisha mtoto mbali nasi, na nyumba hii hataikanyaga tena.

Mkwe wangu alipotoka kwenye tanuri la mikate na kusikia naandika, alinishika mkono kalamu ikiwa ndani. Kisha akaulegeza. Akasema kama ni lazima niandike, basi nikuombe usiliguse, kwa maana gurudumu lilipita mguuni badala ya kifuani, na unadhani ni nani aliyelipitisha huko? Ukiliondoa, anasema, umemvua mwanawe nguo mbele ya kifo, na yeye atarudi kwao naye.

Wote wawili niliwajibu "sawa". Ndivyo nilivyo siku hizi, mama wa sawa. Barua ni moja na maombi ni mawili, na kila mmoja wao amenipa pesa ya stempu. Nikisema upande wa mwanangu, nampoteza mkwe na mtoto. Nikisema upande wa mkwe, nampoteza mwanangu na mtoto. Maji yamenifika shingoni, Kaka, na kuogelea ulijifunza wewe.

Cha ajabu, hospitalini jina lile linapigiwa kelele kutwa. Wauguzi hawana habari na sheria zetu. Wanaliita kutoka mlangoni mpaka kitanda cha mwisho: fulani, sindano! Fulani, mbona hujamaliza dawa? Na mtoto wetu anaitika "Naam!" kwa sauti ambayo sikujua anayo, mpaka wodi nzima inacheka. Amelipenda jambo hilo. Aliniomba nami nisimame kule mlangoni nimwite. Nilijaribu. Ikatoka sauti ya mtu anayemwomba jirani chumvi.

Shemeji yako naye huenda kila siku, lakini hafiki kitandani. Anakaa kwenye benchi la nje, kando ya mlango, kofia magotini. Muuguzi akimkaribisha anasema amekuja kunipumzisha mimi.

Jumanne nilikuwa namnywesha mtoto maziwa. Akaniuliza, "Bibi, siku ile babu alikuwa anamwita nani?"

Nikamwambia alikuwa anamwita mtoto mmoja aliyekuwa karibu na gari.

Akameza maziwa yake, akafikiri. "Alitoka?"

Mlango ulikuwa wazi, na benchi alilokalia babu yake liko palepale nje. Niliinamisha kikombe aendelee kunywa.

Nisalimie wifi yangu, umwambie vile vitambaa alivyonipa vipo, sijapata moyo wa kuvishona. Wasalimie wapwa zangu wote wawili, na yule mjukuu wako mcheza mpira umwambie asikimbie karibu na magari. Shangazi yetu wa huku anakuombea, na mkwe wangu na mwanangu kila mmoja anakusalimia peke yake. Mola, ambaye siku hizi hata kumtaja nasitasita, akulinde wewe na wako, na akuonyeshe la kutujibu, kwa maana mimi halijanijia.

Ni mimi dada yako akupendaye, asiyejua akuombe nini.