Hatuyakuita, Mama

Kamina, Jumanne jioni

Leo tena, nikipita njiani, watu wamenifungia mlango. Miaka yangu yote ya ukunga, nyumba zilinifungulia mbio. Tangu nistaafu na mchungaji aniweke kuwaombea wanaokata roho, watu wakiniona na kitunga changu wanaingiza watoto ndani.

Nilimwambia mchungaji kwamba wito huu unaniogopesha. Wote niliowaombea nimewafumba macho, na wengi ni wale wale niliowapokea wakizaliwa.

"Mungu njo anapanga, mama," akajibu. Kwake ni rahisi kusema.

Leo sikuitwa kokote. Nilitoka kununua samaki wa kutoka Mulongo sokoni, basi. Sijui nilipita njia gani, nikajikuta mlangoni kwa binti yangu Ngoie. Ana malaria kidogo tu. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, anacheka na jirani. Aliponiona akakatiza kicheko.

"Mama, hatuyakuita."

"Niko napita tu. Natafuta samaki."

Akatazama kitunga. Nami nikatazama. Pesa ya samaki sikuibeba. Ndani mlikuwa na Biblia, na kile kitambaa cheupe ninachofungia maiti kidevu.

"Mama, nani alikutuma?"

Nilifunika kitunga, nikaondoka. Nimerudi nyumbani, nimejaribu kuomba, na maneno hayaji. Ngoie anajua jinsi nilivyokuwa nikifika zamani kwa wenye uchungu wa kuzaa, kabla mtu hajatumwa kuniita. Kanisani walikuwa wakinisifu kwa hilo.

Sikukosea saa hata mara moja.