Mutama alikufa ili rafu ipate nafasi

Kasulu, Alhamisi, Machi 2015

Mvua imenyesha tangu alfajiri na ukungu haujatoka kwenye migomba. Tumbo linauma kama kawaida. Lakini si tumbo lililonikalisha hapa na simu ya mjukuu wangu Neema, nikibofya herufi moja moja. Nimepigwa na butwaa tangu mchana, na sijaona wa kumweleza asinicheke.

Mimi, mwalimu mstaafu wa fizikia, mzee wa kanisa, nimeshtushwa na habari za midoli.

Ilianza mwaka 2012. Salum, muuza vifaa vya umeme hapa sokoni, alifunga dishi na kuweka runinga juu ya kaunta ili kuvuta wateja. Kila Jumamosi alasiri ilikuja tamthilia ya watu wa chuma waliokuwa wakilinda nyota inayozimika. Walizungumza Kiingereza, basi nikawa mkalimani: Kiswahili kwa wote, Kiha kwa akina mama wauza maharage. Kiongozi wao alikuwa mkongwe, magoti yakilia akitembea. Tukamwita Mutama, yaani mzee.

Mwaka uliofuata mji mzima ulimjua. Salum alileta midoli yake kutoka Dar, ikaisha kabla hajaipanga. Kambini Nyarugusu watoto wa wakimbizi walimtengeneza kwa makopo ya mafuta ya msaada, na Mutama wao, kwa maoni yangu, alimzidi wa dukani.

Kisha akafa.

Alichomoa taa iliyokuwa kifuani mwake, akaitia kwenye chombo cha vijana wapate kuondoka. Maneno yake ya mwisho niliyafasiri hivi: "Mzee hamalizi mafuta kwenye taa ya watoto." Akina mama waliacha kupima maharage. Nyumbani mke wangu aliniona macho mekundu, akauliza sababu, kisha akasema, "Mzee mzima unalilia debe."

Baada yake walikuja vijana wapya wenye rangi za kung'aa, ambao hata majina hatukuyashika. Mabenchi yakaanza kubaki wazi. Midoli yao ilikaa kwa Salum mpaka ikapauka kwa jua. Jumamosi moja mwaka jana tuliwasha, tukakuta mapishi. Hatukujua kama nyota ilizimika.

Mwaka huohuo nilipimwa, nikaambiwa nina uvimbe wa kupasuliwa Mwanza. Binti yangu Yunisi, mama yake Neema, aliyeolewa Kibondo, alitaka kuuza kiwanja chake alipie. Nilikataa mbele ya ndugu wote. Nilimwambia, "Mzee hamalizi mafuta kwenye taa ya watoto." Alilia. Mchungaji aliyarudia maneno hayo ibadani bila kujua yametoka wapi.

Nami sikumwambia.

Leo mchana, tukiwa kwa Salum, Neema amesoma kwenye simu historia ya tamthilia ile. Haikuanza na hadithi. Ilianza na kiwanda cha midoli. Mutama aliuawa kwa sababu mdoli wake ulikuwa umeshauzwa vya kutosha, na rafu ilihitajika kwa wapya. Wapya walipokosa wanunuzi, kiwanda kikaacha kulipa, tamthilia ikakatwa katikati.

Nilimwomba asome tena. Salum aliendelea kukata waya.

"Sasa Mwalimu, ulidhani nini?" akasema. "Hata mimi mzigo mpya ukija, wa zamani naushusha."

Nilikaa kwenye benchi. Maneno niliyotaka kuzikwa nayo yaliandikwa ili kusafisha rafu.

Na kama yangekuwa yangu kweli, yasingeniuma hivi. Niliyaazima. Ukweli ni kwamba naogopa kisu. Naogopa kulazwa uchi mbele ya vijana ambao huenda niliwafundisha, nipewe dawa ya usingizi, nisiamke. Miezi yote hii woga wangu nimeuita upendo, na watu wakanisifu.

Jioni nimempigia Yunisi. Nimemwambia sikukataa kwa ajili yake, nilikataa kwa kuogopa. Akaniuliza kama nimekula. Kisha akasema, "Kiwanja nilishauza, baba. Tangu kabla ya Krismasi. Nilikuwa nasubiri uchoke na yale maneno."

Mke wangu alikuwa anachambua maharage pembeni, wala hakuinua kichwa. Naye alijua!

"Debe lilishakufa," amesema. "Wewe ulikuwa unalifuata wapi?"

Sasa ananikunjia koti langu zito, maana kesho basi la Mwanza linaondoka mapema na asubuhi kuna baridi. Huenda nimechelewa. Daktari ndiye atakayesema. Lakini wakinilaza kwenye kile kitanda na kuniuliza kama niko tayari, nitajibu nini, mimi niliyezoea kufasiri ya wengine?

Nitasema naogopa. Halafu nitawaambia waendelee.