Pigo la Tano Katika Wimbo wa Baba

Nyumba za Wafanyakazi wa Kiwanda,
S.L.P. 318,
Kericho.

14 Septemba 1997

Mpendwa kaka Okemwa,

Pokea salamu zetu sote. Kifua chako kimepona? Na hiyo baridi ya Leeds imekupunguzia? Sisi huku tuko wazima. Magoti yanamsumbua Mama mvua ikinyesha, na mvua ya huku unaijua, lakini anakula, anasali na anatugombeza, kwa hivyo usiwe na wasiwasi. Shemeji yako Bogonko naye hajambo, bado yuko kwa umeme wa kiwanda.

Mtoto ameota meno mawili. Tulimpa jina la Baba, Gekara, lakini Mama amekataa kabisa kumwita hivyo. Anamwita "mzee wangu". Asubuhi nikimwachia niende kuchuma majani ya chai, namsikia akimwambia, "Mzee wangu, leo tulia. Ulinisumbua ya kutosha ile mara ya kwanza." Tunacheka mpaka machozi. Mimi nimechoka, kaka, siwezi kukuficha. Nikishusha kikapu mgongoni napandisha mtoto.

Kompyuta uliyotutumia bado ni nzima. Nimeiweka pale mezani ilipokuwa redio ya Baba, na nimeifunika kwa kitambaa cha kufuma ili vumbi lisiingie. Karatasi yako ya maelezo nimeisoma mpaka imekatika kwenye mikunjo. Uliandika kwamba kuingiza wimbo humo ni kazi rahisi. Labda kwa aliyefika chuo! Mimi wa kidato cha pili ilinichukua Jumapili tatu kuelewa kwamba wimbo unaandikwa tu kama barua: herufi ni sauti, nambari inayofuata ni urefu wake, na kale kamstari ka kusimama kanafunga kila kipimo cha mapigo manne. Ukimaliza unaiamuru, nayo inakuimbia.

Daftari la Baba, lile la do-re-mi, limeliwa na unyevu. Ukurasa wa wimbo wake wa kufungua Sabato ulikuwa umegandana na wa pili. Niliushika juu ya mvuke wa birika, nikautenganisha polepole kwa mgongo wa kisu. Hakuna nakala nyingine, na waimbaji wa zamani wanaoujua wote wamebaki watatu. Ndiyo maana nilikubali kazi hii, hata kwa kidole kimoja.

Sasa nifike kwa lile jambo letu. Unakumbuka nilikuandikia kwamba mashine imekataa kipimo cha kumi na moja, ati kina mapigo matano. Nilidhani ni mimi nimekosea. Nilihesabu kwa vidole, nikarudi kwa daftari. Baada ya neno "umetubeba" Baba aliacha pigo moja tupu, na akalizungushia kalamu nyekundu mara mbili. Ukanijibu: "Liondoe. Baba hakusoma muziki, tumsaidie." Ukasema hata bwana wa kinanda wa kanisa lenu huko anaona hivyo, na kwamba mtauchapisha, muuimbe siku Baba atakapotimiza mwaka tangu tumzike, kisha mtutumie karatasi hizo kanisani kwetu tuzitumie daima.

Maneno yako yalinichoma kidogo. Lakini wewe ndiye mkubwa na ndiye uliyesoma, kwa hivyo nililiondoa. Mashine ikanyamaza.

Jumapili iliyopita nikampigia Mama wimbo kwa mashine ausikie. Sauti yenyewe ni kama ya nzi aliyeingia kwa chupa. Jirani yetu Tecla, ambaye siku hizi anaimba na sisi, akaingiza kichwa mlangoni, akaniuliza, "Mama Gekara, hiyo ni wimbo ama ni nyuki?" Mama akamwambia, "Wacha utundu, keti uimbe." Wakaimba pamoja na mashine, vizuri kabisa, mpaka pale. Mama alisema "umetubeba", akavuta pumzi, kumbe mashine imeshapita. Akabaki mdomo wazi. Nikarudia. Ikawa vilevile. Mara ya tatu akaweka mkono juu ya mashine kama anayemzuia mtoto asikimbie.

"Nani ametoa mahali pangu?"

"Lilikuwa kosa, Mama. Lilizidi."

"Kosa la nani?"

Nilijifanya natafuta ukurasa, kaka. Sikukutaja.

Ndipo akatueleza jambo ambalo sijawahi kulisikia tangu nizaliwe. Mwanzoni wimbo huo ulikuwa na mapigo manne kila mahali. Mwaka wa sitini na nane Mama alikuwa ndiye anaongoza sauti ya kwanza, na alikuwa na mimba yako ya miezi minane. Wiki nzima yuko kwa majani, Sabato yuko mbele ya watu. Akifika kwa "umetubeba" pumzi inakwisha, anashindwa kuendelea na "mpaka hapa". Wengine wakaanza kusema akae kwenye benchi mpaka ajifungue. Baba hakubishana na mtu. Sabato iliyofuata walipofika pale aliacha mkono wake wa kuongozea juu, kwaya nzima ikangoja, Mama akavuta pumzi, ndipo akaushusha.

Ulipozaliwa Mama alimwambia, "Sasa pumzi yangu inatosha, shusha mkono." Baba akakataa. Akasema, "Kuna mwingine atakuja na mzigo." Na kweli nilikuja mimi. Na baada ya Mama wamekuja wengi. Sabato iliyopita niliuimba nikiwa na Gekara mgongoni, na pale penyewe nikavuta pumzi bila hata kufikiri. Miaka hii yote nilidhani ni desturi tu.

Kwa hivyo kaka, nimelirudisha. Disketi ninayoituma na barua hii ina mapigo matano, na kila nikiifungua mashine inalalamika kwamba kipimo cha kumi na moja kina kosa. Iache ilalamike. Mimi nakuheshimu, na kompyuta nimeipenda, na asante haitoshi. Lakini kwa hili sikufuati. Uchapishe ulivyo, au usiuchapishe, mimi nitaunakili kwa mkono mpaka kila mwimbaji apate wake. Na huyo bwana wa kinanda mwambie tu mkono ukae juu kidogo, atazoea.

Tecla anakusalimu ingawa hamjuani, anasema umtumie nyuki wengine. Bogonko anauliza kama waya wa kompyuta ukipata moto kidogo ni sawa. Nisalimie Nyaberi aliyetuletea kompyuta, mwambie mbegu za mboga alizosahau kwetu tayari tumezipanda na tumezila. Mama hakutaka niandike lolote kwa niaba yake, alinishika tu bega nilipokuwa naandika jina lako.

Mungu akulinde uendako na urudipo, akupe na blanketi nzito. Siku hiyo ya Baba, mkifika kwenye "umetubeba", nyamaza uvute pumzi pole pole, usiharakishe. Hapo ndipo alipokungojea kabla hajakuona.

Ni mimi dada yako nikupendaye, hata nikikukatalia,

Edinah (Mama Gekara)